KILICHOMEA NA KILICHOPANDWA: MISITU YA RWANDA KATIKA KARNE MOJA

Utangulizi

Katika Kinyarwanda kuna neno ishyamba, ambalo wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hulitafsiri haraka kuwa "msitu" na kuendelea na sentensi. Neno hilo hutumika kwa Nyungwe, pori kubwa la milimani linalotiririsha maji kuelekea Nile upande mmoja na Kongo upande mwingine. Hutumika vilevile kwa kishamba cha mikaratusi nyuma ya nyumba ya jirani, kilichopandwa juzi na kitakachouzwa kesho kuwa nguzo na makaa. Msemaji anayetaka kutofautisha huongeza neno la pili: ishyamba rya kimeza, yaani msitu uliomea wenyewe. Kimeza linatokana na kitenzi kumera, ambacho ni ndugu wa damu wa kumea katika Kiswahili. Wazee waliobuni neno hilo walikuwa wameshaona kwamba kilichomea na kilichopandwa si kitu kimoja, hata kama kwa mbali vyote viwili ni kijani.

Katika makala haya tunajaribu kuisoma historia ya misitu ya nchi yetu kwa kufuata tofauti hiyo. Tumezoea kusikia historia hiyo ikisimuliwa kama ushindi wa upandaji miti, na ushindi huo upo kweli. Lakini tukiangalia miaka mia moja iliyopita kwa makini tunakuta kwamba Rwanda ilipanda miti kwa bidii katika miaka ileile ambayo ilikuwa ikipoteza misitu yake ya asili. Hoja yetu ni kwamba kupanda miti na kuhifadhi msitu ni kazi mbili tofauti. Kazi ya kwanza inaweza kuamriwa na kukamilika katika siku moja. Ya pili haifanikiwi mpaka wanaoishi kando ya msitu wawe na sehemu yao ndani yake.

Miti iliyolindwa kabla ya sheria

Kabla ya wakoloni hapakuwa na idara ya misitu wala walinzi wenye sare, lakini haina maana kwamba kila mti ulikatwa ovyo. Mfano ulio wazi zaidi ni ibigabiro, yaani mahali palipokuwa na makazi ya mfalme. Ua wa makazi hayo ulizungushiwa vigingi vya umuvumu, mti wa jamii ya mikuyu ambao kigingi chake kibichi kikichomekwa ardhini huchipua na kuwa mti. Mfalme alipohama au kufariki, nyumba za nyasi zilioza na kutoweka, lakini ua uliendelea kukua. Miti hiyo ikawa ndiyo kumbukumbu ya mahali pale, na haikuwa desturi mtu kuikata. Hata leo mwanahistoria anayetafuta makazi ya zamani ya wafalme hutangulia kuulizia mivumu mikongwe iliyo juu ya kilima.

Mti wa pili ni umuko, wenye maua mekundu kama moto. Kwa mujibu wa simulizi za kubandwa, Ryangombe alipojeruhiwa na nyati mawindoni, mti huu ndio uliompokea. Kwa hiyo umuko ukawa mti wa ibada, na waliofuata imani hiyo hawakuugeuza kuni. Hatusemi kwamba wahenga walikuwa wanamazingira kwa maana ya leo. Wakulima walifyeka msitu karne hata karne ili wapate mashamba, na ndiyo sababu milima ya katikati ya nchi ilikuwa imeshabaki wazi wageni wa kwanza wa Kizungu walipofika. Tunachosema ni kwamba miti iliyodumu ni ile iliyokuwa na jina, hadithi na watu wa kuisemea.

Ndani ya misitu mikubwa ya magharibi, juu ya mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na Nile, waliishi pia watu waliotegemea uwindaji, asali na matunda ya porini. Kwao msitu ulikuwa nyumba na ghala. Tutawarejea baadaye, kwa sababu katika maandishi mengi kuhusu uhifadhi watu hawa hutajwa mwishoni kabisa au hawatajwi.

Mikaratusi, misheni na akazi

Mapadre Weupe waliweka kituo chao cha kwanza Save, karibu na Huye ya leo, mwaka 1900. Katika miaka iliyofuata vituo vya misheni vilihitaji mbao za kuezekea na kuni za kuchomea matofali, na katika milima iliyo wazi mbao hazikupatikana kwa urahisi. Jibu lilikuwa mkaratusi, mti uliotoka Australia, unaokua haraka, unaochipua tena ukikatwa na usioliwa na mifugo. Wanyarwanda waliupokea mti huo na jina lake pia, wakalifinyanga kufuata matamshi yao: inturusu. Leo ni vigumu kupata kilima kisicho na inturusu, na mtoto anayechora nyumba yao mara nyingi huuchora mti huu pembeni bila kujua kwamba babu wa babu yake hakuwahi kuuona.

Baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1916 na Wabelgiji kushika utawala, upandaji miti ukawa amri. Kila uchifu ulitakiwa kuwa na shamba la miti la pamoja kulingana na idadi ya walipa kodi wake, na watu waliitwa kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko wa udongo milimani. Hapa kuna jambo linaloigusa idara yetu moja kwa moja. Kazi hizo za lazima, zisizo na malipo, wananchi waliziita akazi, neno lililotoka katika Kiswahili, lugha ya askari, makarani na wafanyabiashara wa wakati ule. Siku hizi akazi ni neno la kawaida, na kijana anayetafuta ajira hulitumia bila kusita. Lakini kwa kizazi cha miaka ya 1930 akazi ilikuwa siku iliyoibwa kutoka katika shamba la mtu, na fimbo kwa aliyechelewa.

Tunalitaja hili kwa sababu mbili. Kwanza, linaonyesha kwamba Kiswahili kiliingia katika nchi yetu kikiwa na mzigo, na mwalimu wa Kiswahili anapaswa kuujua mzigo huo ndipo aweze kueleza kwa nini baadhi ya wazee waliitazama lugha hii kwa mashaka. Pili, linaonyesha jinsi mti unavyoweza kuota vizuri ardhini huku ukikataliwa moyoni. Miti ya akazi ilikuwa ya utawala. Aliyeipanda hakuwa na ruhusa ya kuikata, na kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuipenda.

Ruhande: darasa la miti

Katika miaka hiyohiyo ya 1930 ilianzishwa kazi nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Msomaji yeyote aliyesoma Huye anakijua kilima cha Ruhande, ambapo Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda kilifunguliwa mwaka 1963, na ambapo tangu mwaka 2013 ipo kampasi mojawapo ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Mwanafunzi aliyepita njia za mkato kwenda mjini amepita katikati ya miti iliyopangwa kwa vipande, kila kipande na aina yake, kila mstari umenyooka. Hiyo ndiyo bustani ya miti ya Ruhande, yenye ukubwa wa karibu hekta 200 na aina za miti zaidi ya 200, iliyokuwapo kabla ya chuo chenyewe.

Wazo lake lilikuwa la kisayansi: kuleta miti kutoka pembe mbalimbali za dunia, kuipanda karibukaribu na miti ya hapa, na kuangalia ni ipi inayofaa udongo na mvua zetu. Kutokana na majaribio kama hayo na mbegu zilizokusanywa hapo, mikaratusi ya aina nyingi, misonobari, grevilea na miti mingine ilisambazwa nchini. Grevilea hasa ilipendwa na wakulima, kwa maana inavumilia kukatwa matawi na inakaa shambani bila kugombana sana na maharage.

Ruhande ni hazina, na tungependa kila mwanafunzi wetu aingie humo akiwa na daftari. Hata hivyo, ndani ya bustani hiyo mtu huona pia mpaka wa sayansi ile. Kipande cha aina moja ya mti, hata kikiwa na umri wa miaka 90, hubaki kipande. Msitu wa asili una miti mirefu na mifupi, mitambaazi, kuvu, mianzi, vinamasi, nyani na ndege wanaobeba mbegu. Hakuna aliyewahi kuupanda wote kwa mkono, na hakuna kitalu kinachouza miche yake.

Kupanda kwa mkono mmoja, kukata kwa mwingine

Baada ya uhuru wa mwaka 1962 serikali mpya zilirithi milima iliyomomonyoka na idadi ya watu iliyokuwa ikiongezeka kwa kasi. Umuganda, ambao asili yake ni desturi ya majirani kusaidiana kujenga nyumba au kulima, ulirasimishwa mwaka 1974 ukawa kazi ya umma. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuchimba mitaro na kupanda miti, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 siku ya taifa ya miti ikaanza kuadhimishwa. Wenye umri wetu wanakumbuka walivyobeba miche wakiwa wanafunzi wa shule ya msingi, tope likiwa limefika magotini.

Wakati huohuo misitu ya asili ilikuwa ikimegwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za Hifadhi ya Volkano, ambayo ililindwa tangu mwaka 1925 ikiwa sehemu ya Hifadhi ya Albert, zilitolewa kwa ajili ya kilimo cha pareto. Ua hilo jeupe lilinunuliwa ng'ambo kwa kutengenezea dawa ya wadudu, na familia nyingi zilipata mashamba. Lakini msitu uliokuwa umeanzia chini kwenye mabonde ukabaki umepanda juu ya miteremko ya volkano, na sokwe wa milimani nao wakabanwa huko.

Nyungwe, iliyotengwa kuwa hifadhi mwaka 1933, nayo ilipungua, lakini ilipata bahati ambayo misitu mingine haikuipata. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 kingo zake zilizungushiwa ukanda wa misonobari na mikaratusi, na katika baadhi ya sehemu mashamba ya chai. Mwananchi aliyehitaji kuni au nguzo aliweza kuzipata katika ukanda huo kabla ya kufika msituni. Hapa kilichopandwa kilikilinda kilichomea. Tungependa msomaji alishike jambo hili, kwa sababu makala haya hayapingi mkaratusi. Swali ni mahali ulipopandwa, kwa ajili ya nani, na badala ya nini.

Gishwati: msitu ulioliwa

Kaskazini ya Nyungwe, juu ya mgongo uleule wa milima, ulikuwapo msitu wa Gishwati. Katika miaka ya 1970 ulikuwa bado na karibu hekta 28,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliobaki ulikuwa karibu hekta 600 tu. Kwa maneno mengine, katika muda wa kizazi kimoja, kati ya kila hekta 100 zilibaki hekta mbili. Hatujui msitu mwingine nchini uliotoweka kwa kasi ya namna hiyo, na namna ulivyotoweka inafundisha zaidi kuliko idadi yenyewe.

Pigo la kwanza halikutoka kwa mkulima maskini mwenye panga. Lilitoka katika mradi wa maendeleo wa mwanzoni mwa miaka ya 1980, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao lengo lake lilikuwa kugeuza sehemu ya Gishwati kuwa malisho ya ng'ombe wa maziwa na mashamba ya misonobari. Katika karatasi mradi huo ulikuwa na miti ndani yake. Kwa hesabu ya miche, pengine ulikuwa mradi wa upandaji miti! Lakini miti hiyo ilisimama mahali palipokatwa msitu. Watu waliokuwa wakiishi kwa uwindaji na uchumaji humo ndani waliondolewa bila kupewa ardhi nyingine ya kuwatosha, wakaangukia ufinyanzi na vibarua pembezoni mwa vijiji. Walikuwa ndio wanaojua jina la kila mti, lakini hawakuulizwa.

Pigo la pili lilikuja na maafa ya nchi. Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, familia nyingi zilizokuwa uhamishoni katika nchi jirani zilirejea, baadhi zikiwa na mifugo yao, na nyingine za ndani zilikuwa zimepoteza makazi. Watu hawa walihitaji mahali pa kulaza watoto, na Gishwati ilionekana kuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Miaka michache baadaye, mwaka 1997, hifadhi ya Akagera upande wa mashariki nayo ilipunguzwa takriban theluthi mbili kwa sababu ya mahitaji yaleyale. Si haki kuwalaumu wakimbizi kwa kutafuta pa kuishi. Jambo la kujiuliza ni kwa nini msitu ulipokumbwa na dhoruba hapakuwa na kundi lolote la wananchi lililoona kwamba unawahusu. Uliokuwa na watu wake, watu hao walikuwa wameshafukuzwa. Uliokuwa wa serikali, serikali ilikuwa imeanguka.

Malipo hayakuchelewa. Udongo wa Gishwati ni mwepesi na miteremko yake ni mikali. Mizizi ilipokwisha, maji ya mvua hayakuwa tena na cha kuyashika. Septemba 2007 mafuriko katika eneo la Bigogwe, wilaya ya Nyabihu, yaliua watu na kuziacha familia nyingi bila makazi. Baadaye serikali ilizihamisha familia zilizokuwa kwenye miteremko ya hatari, na kwa mara ya pili katika kizazi kimoja watu waliondolewa Gishwati, safari hii ili kuwaokoa na ardhi yenyewe. Mto Sebeya, unaoteremka kutoka milima hiyo hadi Ziwa Kivu, umeendelea kuitesa Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa iliyonyesha magharibi, kaskazini na kusini mwa nchi ilisababisha mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliyoua watu zaidi ya 130, na Sebeya ulikuwa miongoni mwa mito iliyovunja kingo zake. Mvua ile ilikuwa kubwa kupita kawaida, na hakuna msitu ambao ungeizuia yote. Lakini mlima ulio uchi humpa mvua silaha.

Msitu unaporudi

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, lakini historia ya Gishwati haikuishia kwenye majuto. Mwaka 2008 ulianza mpango wa kuhifadhi kipande kilichobaki, serikali ikishirikiana na shirika la Great Ape Trust la Marekani. Ndani ya kipande hicho walikuwamo sokwe wachache, waliokadiriwa kuwa 13 tu, waliozungukwa pande zote na mashamba ya viazi na malisho. Kazi hiyo baadaye iliendelezwa na shirika la hapa nchini, Forest of Hope Association.

Tunavutiwa na namna kazi ilivyofanyika. Wasimamizi wa msitu waliajiriwa kutoka vijiji vinavyoupakana, wakiwamo watu waliokuwa wakiuingia zamani kukata miti. Vikundi vya mazingira viliundwa katika shule za jirani. Mipaka iliwekwa wazi ili mkulima ajue shamba lake linaishia wapi. Eneo lililohifadhiwa lilipanuliwa kutoka hekta 886 hadi 1,484, na sehemu kubwa ya ardhi iliyoongezwa haikupandwa chochote: iliachwa tu ipumzike, mifugo isiingie, na mbegu zilizoletwa na ndege, upepo na sokwe zikafanya kazi yake. Yaani iliachwa imee. Katika miaka michache hesabu ya sokwe ilifika karibu 20. Katika nchi iliyozoea kuhesabu miche, hapa ushindi ulipatikana kwa kujizuia.

Sheria ya mwaka 2015 iliunganisha Gishwati na msitu mdogo wa Mukura kuwa hifadhi ya taifa, ya nne nchini. Hifadhi hiyo ilifunguliwa kwa watalii mwaka 2020, na mwaka huohuo UNESCO ikaitambua Gishwati na maeneo yanayoizunguka kuwa hifadhi ya baiyolojia na binadamu. Nyungwe, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Pamoja na sifa hizo ipo hatua isiyo na kelele ambayo sisi tunaiona kuwa muhimu zaidi: tangu mwaka 2005 asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa ilianza kutengwa kwa ajili ya jamii zinazozunguka hifadhi, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Fedha hizo hujenga madarasa, zahanati na njia za maji. Si nyingi zikigawanywa kwa watu wote, lakini zinampa mwenyeji haki ya kuuliza, "Msitu wetu umeingiza kiasi gani mwaka huu?" Neno "wetu" katika swali hilo halikuwapo wakati wa akazi.

Asilimia 30 ina nini ndani yake?

Umuganda ulifufuliwa mwaka 1998, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, hasa msimu wa mvua za vuli, wananchi hupanda miti. Mwaka 2011 Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuahidi, katika mpango wa kimataifa unaojulikana kwa jina la mji wa Bonn, kurejesha uoto katika hekta milioni 2. Ukikumbuka kwamba nchi nzima ina hekta milioni 2.6 hivi, utaona uzito wa ahadi hiyo. Lengo jingine lilikuwa misitu ifikie asilimia 30 ya nchi kavu, na tathmini ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba limefikiwa, kwa asilimia 30.4.

Kwa nchi ndogo ambayo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13, hayo ni mafanikio ya kujivunia. Lakini mwalimu wa lugha ana kazi ya kuuliza maana ya neno. Katika asilimia hizo 30.4 ya "misitu", zaidi ya nusu ni miti iliyopandwa, na mkaratusi ndio unaotawala. Sehemu nyingine ni savana yenye miti na vichaka. Msitu wa asili wa milimani haufiki moja ya tano. Hekta moja ya mikaratusi michanga na hekta moja ya Nyungwe huingia katika jumla kwa uzito uleule.

Mkaratusi una watetezi wake, na wana sababu. Kaya nyingi bado hupika kwa kuni na makaa, na kila gunia la makaa ya mkaratusi ni mti wa asili ambao haukukatwa. Mjane mwenye miti 50 ana akiba ya kumlipia mtoto karo. Wapinzani nao wanaeleza kwamba mti huu hunywa maji mengi, chini yake haimei mboga, na ukipandwa karibu na chemchemi huikausha. Kwetu, pande zote mbili zinazungumzia zao la shambani. Zao hilo linafaa lipandwe, livunwe na kupandwa tena. Hatari inaanza pale zao hilo linapoitwa msitu katika ripoti, kisha ripoti hiyo ikatumika kuonyesha kwamba msitu upo na kwa hiyo kuupunguza kidogo si hasara.

Wajibu wa walimu wa Kiswahili

Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni mojawapo ya lugha rasmi za nchi yetu, na ni lugha ya mikutano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambayo Rwanda ilijiunga nayo mwaka 2007. Mito haina pasi za kusafiria. Maji ya Nyungwe yanafika Akagera na Ziwa Viktoria, na volkano zetu zimegawanywa na mipaka ya nchi tatu. Wataalamu wanaokaa mezani kuzungumzia misitu hiyo watahitaji lugha inayotofautisha mambo. Tunapendekeza wanafunzi wetu wazoeshwe kusema "msitu wa asili" na "shamba la miti" bila kuvichanganya, na kwamba katika insha na tafsiri kosa la kuvichanganya lisahihishwe kama linavyosahihishwa kosa la upatanisho wa kisarufi.

Kazi ya pili ni ya majina. Umushishi, umuyove, umwungo na umusebeya ni miti ya misitu yetu ambayo huwezi kuipata katika kamusi za Kiswahili, zilizoandikwa kwa kuangalia zaidi pwani na nyika. Majina hayo yamo vinywani mwa wazee wa Nyamagabe, Rutsiro na Nyamasheke, na zaidi ya wote kwa wale waliokuwa wakiishi msituni wenyewe. Wengi wao sasa ni wakongwe. Tasnifu moja ya shahada ya kwanza inayokusanya majina 50, matumizi ya kila mti na visa vinavyoandamana nao, kwa Kinyarwanda na Kiswahili, ingekuwa na faida zaidi kuliko tasnifu nyingine kumi kuhusu fani na maudhui katika riwaya zilezile. Ruhande iko mlangoni petu kwa kuanzia, na Nyungwe ni safari ya asubuhi moja.

Hitimisho

Katika karne moja tumepanda miti kwa amri ya mkoloni, kwa wito wa jamhuri, kwa fedha za wafadhili na kwa hiari yetu. Miti mingi ilikua. Lakini Gishwati ilikatwa katikati ya bidii hiyohiyo, kwa sababu msitu haukuwa na watu wa kuusemea. Uliporudi, ulirudi kwa kupewa watu, mipaka na muda, na si kwa miche peke yake. Mivumu ya ibigabiro ilidumu karne kadhaa bila mlinzi mwenye sare kwa sababu kila aliyeishi karibu nayo aliweza kueleza ni ya nani na ilipandwa lini.

Kwa hiyo tunapoitwa kupanda miti msimu ujao, twendeni kwa moyo mkunjufu, majembe mkononi. Tukimaliza, tuulize maswali mawili ambayo kwa kawaida hayamo katika ripoti: ile tuliyopanda mwaka jana imebaki mingapi, na msitu wa kimeza ulio karibu nasi mwaka huu umeongezeka au umepungua?